Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni methali ya watu wakarimu, nayo huwa kweli pale ambapo wageni huja mmoja mmoja, kwa heshima na kwa kiasi. Lakini je, mgeni akija na waandamani elfu mbili, akadai farasi na wachukuzi, akalipa nusu ya ujira au asilipe kabisa, na kesho yake akatokea mwingine kama yeye, mwenyeji huyo atapona au ataangamia? Swali hili si la kubuni. Kwa zaidi ya miaka mia mbili na hamsini liliwakabili watu walioishi kando ya Nakasendo, barabara kuu ya kale ya Japani iliyopenya katikati ya milima kutoka Edo, mji ambao leo ndio Tokyo, hadi Kyoto, yalikokuwa makao ya Mfalme Mkuu wa nchi hiyo.

Barabara hiyo husifiwa sana. Wachoraji wawili mashuhuri, Keisai Eisen na Utagawa Hiroshige, walivichora vituo vyake kuanzia miaka ya kati ya 1830, na picha zao zingali zinahifadhiwa katika majumba ya makumbusho ya nchi nyingi. Wasafiri wa leo huenda kuikanyaga kwa miguu, wakastaajabia mawe yaliyotandazwa, nyumba za mbao na maji yatiririkayo kandokando ya vijia. Sina ugomvi na sifa hizo. Ninalotaka kulisema ni kwamba kila barabara ina pande mbili, yaani upande wa anayepita na upande wa anayepitiwa. Aghalabu habari tunazozisoma huandikwa na anayepita. Yule anayepitiwa huonekana kwa mbali tu, ameinama, mzigo mgongoni, kama pambo la pembeni mwa picha.

Tuanze na chanzo. Mnamo mwaka wa 1600 yalipiganwa mapigano makali mahali paitwapo Sekigahara, pahali ambapo baadaye palikuwa kituo kimojawapo cha barabara hii. Aliyeshinda alikuwa Tokugawa Ieyasu, naye akaja kuwa shogun, yaani amiri jeshi mkuu aliyeitawala nchi kwa jina la Mfalme Mkuu huku Mfalme mwenyewe akibaki Kyoto bila ya mamlaka. Ieyasu alijua thamani ya njia. Mwanawe, Hidetada, alikuwa akija Sekigahara na askari wapatao 38,000 kwa kupitia Nakasendo, lakini akakwamishwa kwenye ngome ya Ueda, na alipowasili vita vilikuwa vimekwisha. Mtawala aliyeonja fundisho kama hilo hangeweza kuziacha barabara zijiendee ovyo.

Mwaka uliofuata, 1601, Ieyasu aliamuru vituo vipangwe kwenye barabara ya Tokaido iliyofuata pwani, na mwaka wa 1602 ikafuata zamu ya Nakasendo. Muda si muda kukawa na barabara kuu tano, zote zikianzia kwenye daraja moja la Edo liitwalo Nihonbashi. Kila baada ya masafa ya karibu kilomita nne palijengwa vichuguu viwili vya udongo, kimoja huku na kimoja huko, na juu yake ikapandwa miti. Msafiri alihesabu safari yake kwa vichuguu hivyo, na kivuli cha miti kikampumzisha. Tokaido ilikuwa na vituo 53. Nakasendo, iliyokuwa na urefu wa kilomita zipatazo 530, ilikuwa na vituo 69, viwili vya mwisho vikiwa vya pamoja na Tokaido.

Huenda msomaji akauliza, kwa nini mtu aikwepe njia ya pwani na kujitesa milimani? Jibu ni maji. Kwenye Tokaido palikuwa na mito mipana, na mto Oi haukuruhusiwa kuwa na daraja wala kivuko cha mashua. Msafiri alibebwa mabegani na watu waliojua mkondo, na mvua ikinyesha alikaa ng'ambo siku kadhaa huku fedha zake zikimwishia katika nyumba za wageni. Nakasendo ilikuwa ndefu zaidi na yenye miinuko na theluji, ila ratiba yake haikuvurugwa sana na mafuriko. Kwa sababu hiyo wanawake wengi wa jamii za kikabaila waliichagua.

Sasa tutazame kituo chenyewe kilivyofanya kazi, kwa maana hapo ndipo ilipo siri ya mfumo mzima. Katikati ya kila kituo palikuwa na ofisi ya uchukuzi. Ofisi hiyo iliweka tayari watu na farasi kwa idadi iliyoamriwa na serikali: kwenye Tokaido watu 100 na farasi 100, kwenye Nakasendo watu 50 na farasi 50, na katika bonde jembamba la Kiso, ambako mashamba ni haba, watu 25 na farasi 25. Mchukuzi alibeba mzigo hadi kituo kinachofuata tu, akaupokeza kwa mwingine, kisha akarudi kwao. Mzigo wa kawaida wa mtu mmoja ulikuwa wa kilo zipatazo 19, na wa farasi kilo zipatazo 150. Hivyo ndivyo sanduku lilivyoweza kutoka Edo hadi Kyoto likipita mikononi mwa mamia ya watu ambao hawakujuana.

Penye kituo palikuwa pia na nyumba kubwa yenye lango la heshima, iliyoitwa honjin, ambamo walilala makabaila na maofisa wakuu peke yao. Chini yake kulikuwa na nyumba ya pili kwa cheo, na chini zaidi zile nyumba za wageni wa kawaida, zilizotoa chakula na malazi. Maskini walikwenda kwenye nyumba duni kabisa, ambako mgeni alijipikia mwenyewe na kulipia kuni tu. Kwa ufupi, cheo cha mtu kilijulikana kwa mlango alioingilia.

Ni nani aliyekuwa akipita? Wafanyabiashara walipita, mahujaji walipita, na washairi pia. Lakini wageni wazito hasa walikuwa makabaila, wale waitwao daimyo. Mwaka wa 1635 shogun wa tatu, Iemitsu, aliifanya kuwa sheria kwamba kila kabaila aishi mwaka mmoja Edo na mwaka mmoja kwao, na kwamba mkewe na mrithi wake wabaki Edo daima. Hao walikuwa mateka, ingawa hawakufungwa minyororo. Nenda-rudi hiyo ya kila mwaka ilikausha hazina za makabaila, na kabaila asiye na fedha hana jeshi la kuasi. Mkuu wa Kaga, aliyekuwa tajiri kuliko wenzake wote, aliweza kuandamana na watu zaidi ya elfu mbili. Barabara basi haikuwa njia ya kupitia tu, bali ilikuwa kamba ya kuwafungia wakubwa.

Ili kamba hiyo isilegee yaliwekwa malango ya ukaguzi. Kwenye Nakasendo yalikuwa mawili makubwa, moja Usui na jingine Fukushima katika bonde la Kiso. Walinzi walitafuta vitu viwili hasa, bunduki zilizokuwa zikiingia Edo na wanawake waliokuwa wakitoka. Bunduki ilimaanisha uasi, na mke wa kabaila akitoroka ilimaanisha kwamba mumewe anajiandaa kuasi. Mwanamke yeyote aliyetoka Edo alihitaji hati yenye maelezo ya umbo lake, na alikaguliwa na wanawake wenzake walioajiriwa kwa kazi hiyo.

Tumemwona anayepita. Haya, tumgeukie anayepitiwa. Watu 50 na farasi 50 hawatoshi kubeba mizigo ya kabaila mwenye waandamani elfu mbili. Kwa hiyo serikali iliviamuru vijiji vya jirani visaidie. Mpango huo, ulioitwa sukego, ulitiwa katika utaratibu rasmi mwaka wa 1694. Mjumbe alipofika kijijini, mkulima aliacha jembe, akamchukua farasi wake, akaenda kituoni hata kama mpunga ulikuwa umeiva shambani. Maofisa waliobeba hati ya shogun hawakulipa chochote. Makabaila walilipa kiwango kilichowekwa na serikali, ambacho kilikuwa chini sana ya ujira wa kawaida sokoni. Hata wenye honjin hawakusalimika, maana wakubwa waliolala kwao walitoa zawadi kadiri walivyopenda badala ya kulipa kodi ya malazi. Nyumba nyingi za namna hiyo zilizama katika madeni huku malango yake yakiendelea kung'aa.

Waama, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyeketi ndani ya machela hakuuhisi uzito wake, wala ofisa wa Edo aliyepiga muhuri kwenye amri hakuijua baridi ya kilele cha mlima.

Subira nayo ina mwisho. Mwishoni mwa mwaka wa 1764 zilienea habari kwamba serikali inakusudia kuvitwika mzigo wa barabara hata vijiji vilivyokuwa mbali, ambavyo hadi wakati huo vilikuwa vimesamehewa. Wakulima wa mikoa iliyopakana na Nakasendo, kaskazini-magharibi ya Edo, waliinuka. Inakadiriwa kuwa watu wapatao 200,000 walishiriki. Walishika barabara ileile iliyowatesa, wakaelekea Edo kudai haki yao. Serikali ilitishika ikaufuta mpango huo kabla hawajafika. Hasira haikupoa papo hapo, kwani makundi yalizigeukia nyumba za matajiri waliotarajiwa kunufaika na mpango huo, yakazibomoa. Baadaye palitafutwa wa kuadhibiwa, na mwaka wa 1766 kiongozi wa kijiji cha Seki, Endo Hyonai, aliuawa kwa amri ya serikali. Wanakijiji wenzake wakamhesabu kuwa mtu aliyejitoa mhanga kwa ajili ya haki.

Ninawaomba walimu wa historia walitafakari tukio hilo. Sisi hupenda kuwafundisha wanafunzi kwamba enzi ya Tokugawa ilikuwa enzi ya amani, na hilo ni kweli, kwa kuwa vita vikubwa vilitoweka kwa zaidi ya karne mbili. Walakini amani hiyo ilikuwa na gharama, na gharama hiyo haikugawanywa sawasawa. Mwanafunzi anayejua mwaka wa 1600 na asiujue mwaka wa 1764 amejifunza nusu ya somo.

Karibu miaka mia moja baadaye ilipita kwenye Nakasendo safari iliyokuwa kubwa kuliko zote. Mwaka wa 1861 serikali ya shogun ilikuwa imedhoofika, meli za mataifa ya Magharibi zikiwa tayari zimelazimisha bandari zifunguliwe. Ili kuunganisha nguvu za Edo na za Kyoto iliamuliwa kwamba Kazunomiya, dada mdogo wa Mfalme Mkuu Komei, aolewe na shogun Iemochi. Binti huyo alikuwa na umri wa miaka 15, na alikuwa ameshaposwa na mwana wa ukoo wa kifalme. Uchumba huo ulivunjwa. Akapelekwa Edo kwa njia ya milimani, kwa safari ya siku zipatazo 25, akisindikizwa na makumi ya maelfu ya watu. Mlolongo huo ulichukua siku kadhaa kumalizika kupita mahali pamoja. Wakulima wa bonde la Ina, ng'ambo ya milima, waliitwa waje kubeba mizigo katika vituo vya Kiso wakati baridi ilipokuwa imekwisha kuanza.

Karibu na kituo cha Itabashi, pale ambapo safari ilikuwa ukingoni, ulisimama mti ulioaminiwa kuwa huvunja ndoa za wanaopita chini yake. Husimuliwa kwamba bibi harusi alipitishwa kando ili asiuone. Lakini tahadhari hiyo haikumfaa kitu. Iemochi alifariki mwaka wa 1866, na miaka miwili baadaye utawala wa Tokugawa wenyewe ulianguka. Yote waliyoyabeba wakulima katika baridi ile yalikuwa ya kuuokoa utawala ambao haukuokoka.

Ungedhani kwamba mabadiliko hayo yaliwaletea nafuu watu wa barabarani. Serikali mpya ya Meiji ilivifuta vituo mwaka wa 1872, na mzigo wa kulazimishwa ukaondoka. Hapa ningependa kumleta mbele ya msomaji mtu mmoja, Shimazaki Masaki, mwenye honjin ya kituo cha Magome, ambaye ukoo wake ulikuwa umekishika cheo hicho kwa vizazi kumi na saba. Masaki alikuwa msomi, na aliingoja serikali mpya kama mtu anayengoja alfajiri. Aliamini kwamba Mfalme Mkuu akirejeshewa mamlaka, haki itarejea pia.

Moyoni mwake lilikuwepo jambo moja kubwa, nalo ni misitu. Katika enzi ya Tokugawa milima ya Kiso ilikuwa chini ya makabaila wa Owari, na aina tano za miti, hinoki ikiwa ya kwanza, zilipigwa marufuku kukatwa na mwananchi. Wenyeji walisema kwamba mti mmoja wa hinoki ni kichwa kimoja cha mtu, kwa ukali wa adhabu iliyokuwapo. Masaki na wenzake waliiomba serikali mpya iwafungulie watu wa Kiso milima yao, maadamu kazi ya vituo ilikuwa imekwisha na mashamba hayatoshi. Ombi lilikataliwa, misitu ikafanywa mali ya serikali, na Masaki akavuliwa uongozi wa kijiji. Mwaka wa 1874, msafara wa Mfalme ulipokuwa ukipita Tokyo, aliurushia kipepeo alichokiandikia shairi la kuonyesha uchungu wake juu ya hali ya nchi, akakamatwa. Hatimaye akili zilimruka. Alijaribu kulichoma moto hekalu la kijijini, akafungiwa ndani na watu wake mwenyewe, na akafa humo mwaka wa 1886.

Mtoto wake mdogo alizaliwa mwaka uleule wa 1872, vituo vilipofutwa. Huyo ndiye Shimazaki Toson, mmoja wa waandishi wakubwa wa Japani. Kati ya 1929 na 1935 alichapisha riwaya ndefu ambayo jina lake lina maana ya "Kabla ya Mapambazuko", na humo akaisimulia habari ya baba yake kwa jina jingine, pamoja na habari ya Nakasendo, wachukuzi wake, madeni yake na misitu yake. Naam, barabara iliyokuwa imeandikwa siku zote na wapitaji ilipata mwishowe mwandishi aliyezaliwa kando yake.

Barabara yenyewe ilikuwa imeshakufa. Mwaka wa 1883 serikali ilikuwa imeamua kwamba reli kuu kati ya Tokyo na magharibi ya nchi ipite Nakasendo. Mwaka wa 1886 ikageuza nia kwa ugumu wa milima, na reli ikafuata pwani, ikakamilika mwaka wa 1889. Garimoshi lilipofika bonde la Kiso kwa ukamilifu mwaka wa 1911, njia yake iliviacha kando baadhi ya vituo, vikiwemo Magome na Tsumago. Miji iliyokuwa imechoshwa na wageni sasa ilikosa hata mmoja. Vijana waliondoka, mapaa yakavuja, na nyasi zikaota.

Hadithi ingeweza kuishia hapo, lakini watu wa Tsumago walikataa. Mwaka wa 1968 walianza kuzitengeneza upya nyumba zao kuukuu, wakisaidiwa na serikali ya mkoa wa Nagano. Mwaka wa 1971 wakatoa tamko lao la pamoja, ambalo msingi wake ni ahadi tatu: tusiuze, tusikodishe, tusibomoe. Nyaya za umeme ziliondolewa mbele ya macho, na magari yakapigwa marufuku mchana katika njia kuu. Mwaka wa 1976 serikali ya taifa iliutangaza mji huo kuwa miongoni mwa maeneo ya kwanza ya kuhifadhiwa kwa ajili ya majengo yake ya kihistoria. Mojawapo ya nyumba mashuhuri huko ilijengwa mwaka wa 1877 kwa mbao za hinoki, mti ambao babu za wajenzi wake wasingethubutu kuugusa. Kule Magome nako, mwaka wa 1947, wanakijiji walikuwa wamejenga kwa mikono yao jumba la ukumbusho wa Toson palepale ilipokuwa honjin ya baba yake, iliyoteketea kwa moto mwaka wa 1895.

Wapo watakaosema kwamba hayo yote ni biashara ya utalii. Sikatai kwamba fedha zimo. Walakini kuna tofauti kubwa kati ya watu wanaotumikishwa na barabara na watu wanaoamua wenyewe barabara yao itumike vipi. Katika enzi ya Tokugawa amri ilitoka Edo, na mwanakijiji akainama. Katika mwaka wa 1971 wanakijiji waliketi, wakajadiliana, wakajitungia sharti lao wenyewe. Mawe na njia ni vilevile. Kilichobadilika ni nani mwenye kauli.

Hata hivyo, uhifadhi una hatari yake. Nyumba safi, taa laini na maua dirishani vinaweza kumfanya mgeni adhani kwamba enzi ile ilikuwa ya raha mustarehe. Lango la honjin huhifadhika kwa urahisi, kwa kuwa ni la mbao. Jasho la mkulima wa sukego halihifadhiki hivyo, wala usiku wa mchukuzi aliyerudi kwao mikono mitupu. Vitu kama hivyo huhifadhiwa na neno, yaani na mwalimu anayefundisha, mwandishi anayeandika na mwanafunzi anayeuliza.

Kwa hivyo, mwanafunzi utakapoitazama picha ya kale ya barabara hii, usishughulike na mlima na theluji peke yake. Mtafute mtu aliyebeba. Jiulize ametoka kijiji gani, analipwa nini, na shamba lake linalimwa na nani wakati yeye yuko njiani. Ukishajiuliza hivyo, hutaisoma tena historia ya barabara yoyote kama ulivyokuwa ukiisoma zamani. Wapitaji wa Nakasendo wamekwisha kupita na fahari zao. Waliobaki ni wenyeji, na ni haki yao kukumbukwa pamoja na mzigo wao, ambao hata siku moja haukuwa kanda la usufi.